Fomu Mbili

Daktari alitupa fomu mbili, swali moja:
afya ya mtoto, toka sifuri hadi kumi.

Niliandika tatu.
Nilikuwa nimehesabu makaa ya jirani yanayofuka tangu Oktoba,
kikohozi cha saa tisa usiku,
siku kumi na moja bila shule,
pumzi inayopenya kifuani mwake
kama upepo kwenye tundu la ufunguo.

Temuulen aliifunika karatasi kwa kiwiko,
kana kwamba ni mtihani na mimi ndiye mwizi wa majibu.
Tisa.

Tisa ya wapi, mwanangu,
na midomo ile ya samawati ya Jumapili?

Akamweleza daktari, si mimi:
amejua kupiga mluzi.
Bibi humwekea utando wa maziwa.
Na Tuguldur, yeye akishindwa kukimbia,
humngoja pale kilimani, wakakaa
wakihesabu mabasi yenye taa moja.

"Na hiyo moja iliyopungua?"

Akavuta soksi. Akaivuta tena.
"Mama huamka usiku, huniinamia, husikiliza.
Basi silali. Napumua vizuri, polepole,
mpaka arudi kitandani."

Usiku ule niligeukia ukutani,
mikono nimeikalia kwa ubavu.
Akakohoa mara mbili. Jiko likalia.
Kisha gizani, mluzi, mwembamba, umepinda,
ukitafuta njia.

Kwetu mluzi ndani ya nyumba ni nuksi.
Sikusema kitu.