Gunia Lililorudi Nyuma

Swali la nne, jaribio la Ijumaa:
gunia la korosho, kilo themanini,
limekaa juu ya sakafu ya saruji.
Kizigeu cha msuguano, nukta nne.
Mtu analisukuma kwa nyutoni mia mbili, halisogei.
Tafuta kani ya msuguano.

Nikazidisha. Themanini kwa kumi, mia nane;
mia nane kwa nukta nne, mia tatu na ishirini.
Nikapiga mistari miwili chini ya jibu, kwa rula,
kama mtu anayefunga mlango kwa komeo.

Mwalimu Chilumba hakunikata.
Alichora pembeni, kwa wino mwekundu,
kijitu kinatimua mbio, gunia linakifukuza.
“Mia mbili mbele, mia tatu na ishirini nyuma.
Somoe, gunia lako limekasirishwa na nani?”

Darasa likacheka. Na mimi nikacheka, kwa meno tu.

Jumamosi nikaenda ghalani, Kitangari,
nikamkuta mjomba Mnole anahesabu mzigo wa chama.
Nikamwomba gunia moja,
si la kuchukua, la kusukuma.
“Lile pale,” akasema, akapoteza hesabu, akaanza upya.

Nikaweka viganja. Nikasukuma kidogo: kimya.
Nikaongeza: kimya.
Nikajikaza mpaka shingo ikasimama mishipa,
kandambili ikateleza, gunia likabaki.

Kila nilichotoa, sakafu ilinirudishia
kilekile, bila riba.
Nikitoa haba, haba.
Nikiacha, nayo inaacha.
Ile mia tatu na ishirini
haikuwa malipo; ilikuwa mwisho wa subira yake.

Nikamwita Nankoma, mpakizi,
akaegemeza bega karibu na langu.
Moja, mbili,
gunia likagutuka,
na lilipokwisha kugutuka likawa jepesi ghafla,
nusura tulilalie.
“Kuliamsha ndiyo kazi,” akasema Nankoma,
akaniomba shilingi mia tano ya maji.

Mshono ulifumuka. Korosho saba zikamwagika,
mjomba akaziandika kwa jina langu.

Jumatatu nimempelekea mwalimu jibu: mia mbili,
mstari mmoja tu chini yake.
Na swali, kwa penseli, nisije nikachorwa tena:
kandambili yangu, ile ya kushoto, iliyolika kisigino,
kizigeu chake ni ngapi?