Kumbukumbu za Kikao cha Nne

Kikao kilifunguliwa kwa sala saa tatu na robo,
ingawa barua ilisema saa mbili kamili.
Waliohudhuria: kumi na mmoja.
Walioomba radhi: wawili. Mmoja hakuomba.
Mimi ndimi katibu. Kalamu ni ya jiji la Nakuru,
lakini mkono ulizaliwa Kivumbini,
ambako mama alifagia ua mara mbili kwa siku
na vumbi likarudi kulala mlangoni kama mbwa wa nyumbani.

Bwana Gathigia akatandaza ramani,
akaikandamiza pembe kwa vikombe vinne vya chai.
Kijani ni bustani za mtaa zitakazokuja,
samawati mabomba, nyekundu vibanda vya mafunzo:
sungura, cherehani, kompyuta kila Jumamosi.
Kidole kikatua kando ya mfereji, Bondeni.
"Hapa pana eneo tupu. Robo ekari."
Nikaandika: eneo tupu. Robo ekari.

Kwenye benchi la wananchi mwanamke akasimama.
Hakuwa kwenye ajenda.
"Naitwa Kerubo. Hilo tupu lako
nimelilima miaka tisa."

Nikainua kalamu.

Akaeleza bila haraka:
managu upande wa ukuta, wenye kivuli saa nane,
sagaa katikati; terere haipandwi, hujipanda;
malenge yametambaa hadi kwa fundi wa baiskeli
naye hajalalamika, anachuma majani.
Udongo wetu, mnaujua, ni majivu ya Menengai,
mwepesi kama unga; mvua ya Aprili ikizidi
hufunua kinywa ukameza mkokoteni mzima.
Ameulisha samadi ya mbuzi na maganda ya viazi vya hoteli
mpaka ukajifunza kushika maji.
Na maji si ya kisima. Ya kisima
yametupaka meno rangi ya chai,
mboga anaionea huruma.
Hukinga ya paa la msikiti, kwa idhini ya muadhini,
ambaye hulipwa kwa mafungu.

"Mama, una namba ya ploti?"
Mwenyekiti hakuuliza kwa ubaya.
Ana uso wa mtu aliyelala vibaya,
na bajeti inafungwa Juni.
"Namba sina," akasema, akafungua fundo la leso
ili aonyeshe alicho nacho,
na mbegu za terere, nyeusi, ndogo kuliko nukta,
zikamwagika juu ya ramani,
kwenye samawati, kwenye nyekundu,
nyingine ndani ya chai ya Bwana Gathigia.

Kicheko. (Hilo sikuliandika.)
Bi Chelagat wa mazingira akazikusanya
kwa ukingo wa kitambulisho chake cha kazi,
taratibu, asiache hata moja,
akasema kule Kuresoi
nyanyake aliichemsha na maziwa, basi. Akanyamaza.

Mjadala ukala saa mbili. Fupisha, katibu, wakaniambia.
Ufunguo wa lango atashika nani?
Hakuna lango.
Litajengwa.
La nini?
Kijana mmoja wa Rhonda, Opicho,
akasema wao waliomba uwanja wa mpira tangu mwaka juzi,
na hakuna aliyeweza kumwambia kwamba amekosea.
Iliazimiwa: kamati ndogo ya watu watatu
itazuru eneo, tarehe itakayotajwa.

Lakini juu, mstari wa saba, "tupu" ilikuwa bado imekaa
kama mgeni kwenye kiti cha mwenye nyumba.
Katibu hana kura, kanuni zasema hivyo.
Anaruhusiwa kusahihisha makosa ya uandishi.
Nikapiga mstari mmoja, unaosomeka chini yake,
nikaandika kando: lina managu.
Nikatia sahihi ndogo, kama inavyotakiwa.

Kikao kiliahirishwa saa saba na nusu.
Usiku, nikinakili safi, nikakuta mbegu tatu
zimenasa kwenye mkunjo wa daftari.
Nilitaka kuzipuliza.
Nimezibandika kwa gundi ya karatasi,
nimeziorodhesha: Kiambatisho cha Kwanza.