Insha

Basi liliondoka Mbale saa kumi alfajiri;
migomba ikazimeza taa zake za nyuma.
Bonasi ya majani chai ilikuwa haijaingia,
baba akasema: mwaka ujao.

Jumatatu, Mwalimu Adagala ubaoni: "Ziara Yetu Jijini."
Andikeni. Wote.
Nikaandika.
Nikampandisha Kageha lifti, masikio yakamziba;
Endoli nikamvulisha kofia mlangoni pa Bunge;
twiga nikamsimamisha mbele ya maghorofa
kama mzazi aliyeitwa na hedimasta.

Thelathini na sita kwa arobaini.
Mwalimu hakuuliza kitu.

Jioni Kageha, aliyetapika toka Gilgil hadi Westlands
kichwa ndani ya mfuko wa unga,
akaja kuazima daftari langu
ajue alikokwenda.