Haipo

Taarifa thelathini na moja mezani,
na theluji ya Klaipeda inagonga dirisha la jikoni
kama mwanafunzi aliyechelewa na hana sababu.
Kazi niliyowapa: eleza ajali ya karakanani,
maneno mia na ishirini, kwa Kiingereza,
lugha ya meli zinazokuja kutengenezwa hapa
na ya mabosi wa Norwei watakaowaajiri.

Wengi wamebuni.
Vytenis kamwaga mafuta sakafuni, mtu kateleza, mtu kapona,
kisha kamalizia kwa salamu nyingi, utadhani anamwandikia shangazi.
Eimantas kaua watu wanne kwa aya moja
na bado hakufika mstari wa kumi.
Nimecheka peke yangu. Nikapiga duara, nikapiga mstari,
nikaandika pembeni yale niandikayo tangu mwaka wa tisini na nane:
kitenzi, kitenzi, nafsi ya tatu inadai herufi yake.
Mchelea mwana kulia hulia yeye. Sikuwachelea.

Domantas hakubuni, ila hilo sikulijua.
Mistari saba tu, hati ya mkono uliozoea glavu:
Mashine ya kusagia, namba nne, kinga haipo.
Cheche zinaruka usoni. Mimi naogopa.

Makosa kumi na moja. Niliyahesabu.
Ajali ni jambo lililopita, nilishawaambia,
na taarifa yake huvaa wakati uliopita.
Nikakata "haipo" kwa wino mwekundu,
juu yake nikapanga, kwa mwandiko wangu mzuri, "haikuwepo."
Zinaruka zikawa ziliruka.
Naogopa ikawa niliogopa.
Chini nikaweka sita, na lile neno la kutia moyo
ambalo huwawekea wote: Endelea.

Jumatano alibaki baada ya kengele,
daftari kifuani, kofia mkononi,
akaniambia kwa lugha yetu, taratibu,
kama mtu anayemsahihisha mama yake mbele ya wageni:
Mwalimu, umeandika haikuwepo.
Nikaanza: ni kwa sababu, Domantas, tukio likishakwisha...
Halijakwisha, akasema. Haipo. Hata leo asubuhi.

Tulishuka wote. Ngazi zile
sikuwahi kuzishuka tangu walipopaka rangi korido.
Harufu ya chuma kilichoungua, chai ya chupa, soksi mbichi.
Namba nne ilisimama ukutani, diski wazi,
na pale pa kinga matundu mawili ya skrubu,
nukta mbili baada yake hakuna maelezo.
Mvulana mwingine alikuwa kaiinamia,
hana miwani, anapuliza vumbi kwa mdomo.
Cheche zinaruka.
Sikuwa na kalamu. Nilipiga kelele, zima!
bila kujali nyakati.

Jioni nikalifungua tena daftari.
Wino mwekundu haufutiki,
unaweza tu kuukata kwa wino mwingine.
Nikaikata haikuwepo yangu kwa buluu,
nikamrudishia neno lake, na cheche zake, na woga wake,
nikaandika pembeni: Ulisema kweli, sikusoma.
Nilisahihisha.

Halafu kalamu ikabaki hewani muda mrefu,
maana mstari wa kwanza, kabla ya neno mashine,
kile kineno chao kidogo bado kimekosekana,
na siku moja atamwandikia mtu asiyemjua,
atakayemhukumu kwa kineno hicho
kabla hajafika kwenye cheche.
Nikakiweka. Kwa nyekundu, kidogo sana.

Sita nikaifanya saba.
Kumi ingekuwa fidia, naye angeitambua.

Leo ni Ijumaa. Namba nne imefungwa mnyororo,
fundi mkuu anasema kipuri kimeagizwa,
nami nimemwomba aniandikie hilo, atie na tarehe.
Kinga haipo.