Futi ya Fundi

Naitwa fundi Kibwana,
nashona tangu ujana
kanzu, suti za vijana,
mtaa wa Ngamiani.

Cherehani kuukuu,
kibarazani, miguu
hukanyaga chini, juu,
hadi jua liwe chini.

Futi yangu, kama shanga,
nimeipimia Tanga:
wembamba kama upanga
na wenye ngoma tumboni.

Kiuno, bega na paja,
huandika moja moja
siri za kila mteja
kwenye buku la mezani.

Siku moja, pale Bombo,
ngazi kumi zina mambo!
Nikasimama kitambo
na jasho tele shingoni.

Nesi, Tunu lake jina,
akaniambia: “Bwana,
sukari yabisha sana,
i mlangoni, si nyumbani.

“Vidonge sikuandiki.
Chai tamu, soda, keki
punguza, ama hubaki
na mguu mashineni.”

Usiku ukaingia,
komeo nikalitia,
futi nikajipimia:
inchi ni arobaini

na sita! Nikarudia,
tumbo nikalizuia,
futi ikashuhudia
ileile ya mwanzoni.

Nikaandika kwa siri
jina: “Mteja Jabiri,”
mke wangu Mwanaheri
asijue wa nyumbani.

Mikono nikaiweka
ukutani, nikachoka
mara tano; nikacheka,
nikarudi kitandani.

Siku ya pili, ni saba;
ya tatu, goti msiba.
Kibaba hujazwa haba
kwa haba, hata mwilini.

Kiti changu cha mvule,
nikiketi, nisilale,
nainuka vilevile
mara kumi sebuleni.

Vidumu vya lita tatu
nikavijaza, na watu
wakasema: “Fundi wetu
auza maji, ya nini?”

Mwanafunzi wangu Hoza
akacheka, akabeza:
“Uzee wako wacheza!”
Nikamwita shindanoni.

Kuruka kamba, dakika:
Hoza kwanza kaanguka,
nami papo nikafika
kando yake sakafuni.

Toka hapo tukapanga:
kamba kwanza, kisha kanga
na mashuka ya kuunga
tuingiapo kazini.

Chai nilikunywa tamu,
vijiko sita, kwa hamu;
nikapunguza kwa zamu
kila wiki kikombeni.

Sima kidogo na pweza,
wali ninaupunguza,
mchicha nauongeza
na chungwa la Muhezani.

Sisemi sikuanguka:
harusini nilitaka
biriani, nikaweka
mlima kwenye sahani.

Na masika, wiki mbili,
nililaza huu mwili
kama jora, sina hili
wala lile, kabatini.

Mwanaheri kafunua
buku, na akatambua:
“Jabiri, nishamjua:
hukoroma kitandani.

“Siri si dawa ya ndoa;
mwambie namngojea
asubuhi, kutembea
hadi kule bandarini.”

Mwaka wote ukapita,
futi nikaitafuta:
zile inchi zangu sita
hazipo tena tumboni.

Ngazi za Bombo napanda,
moyo waenda, waenda.
“Sukari,” asema, “yenda
ikakae barazani.”

Suruali ya kijivu
inashuka kama wavu;
nikaipindua mbavu,
nikabana kiunoni.

Kitambaa cha ziada
sikukikata, ni ada
ya fundi; na pana muda
mwili hurudi zamani.

Najijua mimi nani:
nimekikunjia ndani,
inchi mbili za pindoni,
na kamba i mlangoni.