Dhiraa Moja

Chiromo, Jumanne, saa tatu kasorobo.
Kwarara wanagombana juu ya paa.
Mwili namba kumi na nne hauna jina,
una weusi wa grisi chini ya kucha
ambao fomalini imeshindwa kuung'oa.

"Mrija wa manii hautafutwi kwa macho,"
asema Dakta Muthengi. "Ushikeni.
Vingine vyote hapo hulegea. Huu hukataa."
Naubana kwa gumba na kidole cha shahada.
Kweli, unakataa,
mgumu kama kamba ya kiatu iliyolowa ikakauka.

Huanzia kwenye mkia wa epididimisi,
huko mbegu hukaa jandoni wiki mbili
zikifundwa kuogelea.
Hupanda, hupenya kinenani,
huiacha korodani nje na ubaridi wake,
huuvuka mrija wa mkojo kwa juu
kama kivuko cha miguu juu ya barabara ya Thika,
kisha huinama nyuma ya kibofu, hunenepa kidogo,
huungana na kifuko jirani,
huingia tezi dume.
Ukutani msuli mtupu.
Saa ikifika hujiminya, nukta chache, basi.
Sote tulioizunguka meza hii, Dakta naye,
tulipita njia kama hiyo
na hakuna aliyedaiwa nauli.

Kerubo aupima toka kibofuni kurudi chini
kwa mkono wake, kiwiko hadi ncha ya kidole:
dhiraa, ileile ya shangazi yangu
akipima vitambaa Gikomba.
Hafiki mwisho. "Hapa pamekatwa."

Naanza kuutetea wembe wangu.
Lakini kuna fundo. Uzi mweusi, wa zamani,
nyama imeuzoea.
Na upande wa pili, fundo jingine.

Kumbe uliamua, namba kumi na nne.
Ulikaa kwenye benchi la zahanati, labda Kariobangi,
ukawahesabu wanao kwa vidole hivi vya grisi,
ukafika mwisho wa hesabu.
Gereji wangekuita maksai, wangejua.
Wangejuaje? Bahasha ni ileile,
haina barua tu.
Mkeo alikungoja nje? Au ulirudi peke yako,
ukitembea kama mwenye yai mfukoni?

"Endeleeni," asema Dakta, "mtihani hauulizi mafundo."

Nikaandika daftarini:
Mrija, dhiraa moja. Kasoro: mafundo mawili.
Kerubo akachungulia, asiseme kitu.
Nikalifuta neno kasoro.