Vichwa Nilivyonyoa

Nebraska, mwaka wa hamsini na mbili,
kiti kimoja cha ngozi, kioo chenye ufa,
maneno yakianguka sakafuni pamoja na nywele.

"Kichwa-yai!" alisema Orrin Tvedt, povu shavuni,
duka zima likacheka.
Nami nilicheka, ila taratibu,
maana wembe ulikuwa kooni mwake.

Msomi kwetu alikuwa na majina mengi kuliko farasi:
paji-refu, macho-manne, kichwa-mchongoko,
na nywele-ndefu,
huyu niliyemnyoa kila Ijumaa ya pili
hadi karibu na ngozi!
Nilitaka kusema: Orrin, utosi wake nimeupima kwa vidole hivi,
ni duara kama wako,
na wako una chunjua.
Sikusema.
Senti sabini na tano ni senti sabini na tano.

Mwalimu Vosburgh alisomesha habari za miamba.
Mwaka wa ukame alikwenda shambani kwa Orrin,
akavunja jiwe kwa nyundo ndogo,
akalilamba, naam, akalilamba kama mtoto na peremende,
akasema: chimba hapa, si pale.
Futi mia moja na kumi.
Maji yakaja ya baridi, yenye ladha ya chuma.
Ng'ombe wakanywa. Orrin akanywa.
Jumamosi akaketi kitini kwangu, akanyoosha miguu:
"Lile yai limebahatisha."
Asante ya punda. Tukacheka tena,
na kicheko changu, nakiri, ndicho kilichokuwa kirefu.

Machi, binti yangu Idella alipewa miwani.
Alirudi nyumbani kaificha mfukoni,
kajikwaa ngazini, goti linavuja damu.
"Wameniita macho-manne."
Nani?
"Mtoto wa Tvedt. Anasema neno lenyewe
kalipata dukani kwako."

Nikatafuta la kumwambia,
mimi ninayeuza porojo bure na kulipisha mkasi tu.
Sikupata.
Nikaipangusa ile miwani kwa aproni yangu,
nywele za watu zikaganda kiooni,
nikaipuliza, nikamvisha.
Mkono wa kushoto ulikuwa umepinda.

Akanitazama kwa muda, kwa macho yake yote,
mawili au manne, sikuhesabu.

"Baba," akasema,
"kumbe una nywele masikioni."